Mtoto Mwenye Kichwa cha Sayansi: Namna ya Kumfikisha Kwenye Uhandisi Bila Kumpoteza Njiani

Kila Januari nikiingia darasa jipya la kidato cha kwanza, huwa nawaona mapema. Wapo watatu au wanne. Mmoja anataka kujua kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, wakati vyote vimekaa kivuli kimoja. Mwingine ameshafungua redio ya babu yake, ikabaki skrubu moja mkononi na redio inaongea vilevile. Ikifika kidato cha tatu, nikihesabu waliobaki kwenye fizikia, mmoja au wawili kati ya hao hawapo. Hawakufukuzwa na wala hawakufeli vibaya. Waliacha, na hakuna mtu mzima aliyewauliza kwa nini.

Nimefundisha fizikia na hisabati kwenye shule za kata kwa miaka 19. Nilichojifunza ni kwamba mtoto wa aina hii hapotei siku moja. Anashuka kituo kwa kituo: swali lililozimwa, Kiingereza kilichomzidi, hesabu ya sehemu aliyoikosa darasa la sita, tahasusi (yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita) iliyochaguliwa na mjomba. Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi na mwalimu mwenzangu, na kila hatua iko kwenye kituo ambacho nimeona mtoto akishukia.

Hatua ya 1: Mtambue kwa maswali na mikono, kabla ya alama

Usianze na ripoti ya muhula. Wapo wenye A waliyoipata kwa kukariri madokezo ya mwalimu, na wapo wenye C ambao ukiwapa baiskeli mbovu wanakaa nayo mpaka magharibi. Tazama mambo mengine. Je, anarudia kitu kilichoshindikana au anakitupa? Anachora anapoeleza? Anabishana na jibu la nyuma ya kitabu, kisha anaonyesha hesabu yake? Anasimama kwa fundi pikipiki hata akitumwa chumvi?

Nunua daftari moja la bei nafuu. Kwa mwezi mmoja andika humo maswali anayouliza na vitu anavyovishika, pamoja na tarehe. Mwisho wa mwezi utaona mwelekeo. Yupo anayevutwa na mitambo na umeme, yupo wa mimea na miili ya viumbe, yupo wa udongo, mawe na ramani, na yupo anayependa namba zenyewe. Hao wote ni watoto wa sayansi, lakini njia zao zinatengana baadaye, na daftari hilo litakusaidia siku ya kuchagua tahasusi.

Tafadhali usimtangaze mtaani kwamba huyu ndiye injinia wa ukoo. Mtoto akishabebeshwa jina hilo anaanza kuogopa kukosea, na sayansi bila kukosea haifanyiki.

Hatua ya 2: Usiliue swali

Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo uyaweke kwenye jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo, na kijana akaona akingoja atakosa. Akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Waliporudi kutazama, yake yalikuwa yameshaganda na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha yalikuwa bado.

Huyo ni Erasto Mpemba. Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na darasa likaifanya utani. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alisema atakwenda kujaribu. Akajaribu kweli, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya lini hali hiyo hutokea na kwa nini, na ulimwengu mzima unaiita kwa jina la Mpemba.

Nawasimulia walimu wapya kisa hiki si kwa ajili ya aiskrimu. Hesabu watu wazima waliopata nafasi ya kusikia swali lile: wawili walilizima, mmoja akalipeleka maabara. Nami nimewahi kuwa miongoni mwa waliozima. Mwanafunzi aliniuliza kwa nini mwezi unatufuata tukiwa ndani ya basi, nikamwambia haimo kwenye silabasi. Mwaka mzima uliobaki hakuuliza tena, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, akikuletea swali, fanya hivi. Kwanza mwambie alirudie polepole, wewe ukiliandika. Pili muulize, "Wewe unadhani ni kwa nini?" Msikilize mpaka amalize, hata kama jibu ni la ajabu. Tatu muulize, "Tutajuaje kama ni kweli?" Swali hilo la tatu ndilo linalomtoa kwenye kubahatisha na kumwingiza kwenye sayansi. Na kama hujui jibu, sema hujui, kisha mpangiane siku ya kulitafuta. Mama asiyemaliza darasa la saba anaweza kufanya haya yote. Nimeona wakifanya.

Hatua ya 3: Fanyeni majaribio nyumbani

Shule nyingi zina maabara, lakini mtoto anaweza kumaliza muhula ameshika vifaa mara mbili tu, tena wakiwa watu kumi kwenye meza moja. Mtihani wa taifa unampima kwa vitendo, na kazi ya uhandisi ni ya mikono vilevile. Msingoje shule. Nitaeleza majaribio matatu ninayoyapenda, yote ya gharama ndogo.

La kwanza ni jiwe na uzi. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi, mlining'inize mlangoni, urefu kutoka msumari hadi katikati ya jiwe uwe mita 1. Livuteni kidogo tu pembeni, mliachie, mhesabu mara 20 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Mtapata kama sekunde 40. Sasa muulize, tukifunga jiwe zito mara mbili, itakuwaje? Karibu kila mtoto husema litakwenda haraka. Jaribuni. Muda haubadiliki. Halafu fupisheni uzi. Tunataka muda upungue uwe nusu, yaani sekunde 20, je, tukate uzi nusu? Mwache akate, apime, ashangae. Uzi lazima upungue mpaka robo, sentimita 25. Mtoto aliyegundua hilo mwenyewe mlangoni kwao, akikutana na fomula yake shuleni, anaipokea kama mtu anayemfahamu. Tena jaribio hilihili, likifanywa kwa urefu mbalimbali na kuchorewa grafu, linatoa mchapuko wa uvutano wa dunia, karibu mita 9.8 kwa sekunde ya mraba, na ni miongoni mwa majaribio yanayozoeleka kwenye mitihani ya sekondari.

La pili ni rozela, ile tunayotengenezea juisi. Chemsheni maua makavu, mchuje, mgawe kwenye glasi tatu za kioo. Ya kwanza iacheni. Ya pili kamulieni ndimu, rangi itazidi kuwa nyekundu. Ya tatu wekeni magadi kidogo, itageuka kuwa ya kijani au buluu iliyofifia. Mtoto ameshaona asidi na besi kwa macho. Sasa achukue glasi ya magadi, aongeze maji ya ndimu tone moja moja, akihesabu, mpaka wekundu urudi. Povu litakalotoka ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Anachokifanya hapo ndicho atakachokifanya kidato cha nne kwa bureti na pipeti, na wanaokihofia ni wengi kwa sababu hawajawahi kukiona kabla. Maji ya majivu, maji ya sabuni ya mche na siki pia yajaribiwe, kisha apange vyote kwenye orodha, kutoka chenye asidi kali hadi kisicho na asidi. Baada ya hapo hakuna anayekunywa kilichomo kwenye glasi.

La tatu ni umeme mdogo: betri za redio, balbu ya tochi, waya, na mkipata pesa kidogo, mita ya kupimia ya mafundi. Aunge balbu mbili mfululizo, kisha sambamba, aone mwanga unavyotofautiana, kisha aeleze kwa nini taa moja ya nyumbani ikiungua nyingine hazizimiki. Hapa pana mipaka isiyo na mjadala: asiguse umeme wa ukutani, asitoboe betri ya simu, asifungue televisheni hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu ndani yake kuna vipande vinavyohifadhi chaji.

Kila jaribio liandikwe: tarehe, tulidhani nini, tulifanya nini, tuliona nini. Mistari minne inatosha.

Hatua ya 4: Mvushe daraja la lugha

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaamka Januari na kukuta kila somo la sayansi liko kwa Kiingereza. Wengi wanaoitwa wazito wa fizikia hawajashindwa fizikia, hawajaelewa swali. Mjaribu: mpe swali lilelile kwa Kiswahili. Akilijibu, umejua tatizo liko wapi.

Dawa yake ni daftari la maneno. Kila mada mpya ina maneno ishirini hivi yanayobeba maana yote. Ayaandike kwa Kiingereza, aandike maana kwa Kiswahili chake mwenyewe, achore na picha. Kisha akueleze wewe mada hiyo jioni, kwa Kiswahili, kana kwamba wewe ndiye mwanafunzi. Akishaeleza vizuri, aieleze tena kwa Kiingereza, hata cha kubabaisha. Mwalimu mwenzangu, ruhusu swali liulizwe kwa Kiswahili darasani. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na kwa wadogo zaidi, katuni za Ubongo Kids zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kizuri.

Hatua ya 5: Simama mlangoni mwa kidato cha tatu

Kama una nguvu ya hatua moja tu, iwe hii.

Kwa utaratibu tuliouzoea, hisabati na biolojia ni za lazima mpaka kidato cha nne, lakini baada ya mtihani wa kidato cha pili mwanafunzi anaweza kuacha fizikia na kemia. Wenyewe wanasema kudropu. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa kufuata marafiki, wakati mwingine kwa kusukumwa na shule inayotaka wastani wake upande, na mzazi husikia baadaye. Wasiojua uzito wake wanadhani ni somo moja tu limepungua. Lakini asiye na fizikia kidato cha nne amejifungia tahasusi za PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati) kwa pamoja, na karibu kozi zote za ufundi mkubwa katika vyuo vya kati. Kurudi nyuma kunawezekana kwa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini ni safari ndefu, na wachache huimaliza.

(Mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023 umeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Kama mwanao yuko kwenye mtaala huo, nenda shuleni uulize mapema masomo gani ya sayansi anasoma na lipi linaweza kuachwa, na lini.)

Akikwambia hawezi, usimkaripie, wala usimkubalie siku hiyohiyo. Mazungumzo yawe kama haya, niliyoyasikia kwa mzazi mmoja mwenye hekima mbele ya ofisi yangu:

"Mama, fizikia siiwezi."

"Ilianza kukushinda lini, mwanangu?"

"Tulipofika mada ya mwendo. Zile fomula."

"Kabla ya hapo ulikuwa unaelewa?"

"Nilikuwa naelewa. Ila pale mwalimu anageuza fomula, mimi naachwa."

Basi tatizo limeonekana, na si fizikia. Ni aljebra. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, wengi wanaosema fizikia imewashinda wamekwama mahali panne: sehemu na desimali, kugeuza fomula, kubadili vipimo, na kusoma grafu. Yote manne yanatibika kwa wiki nne za likizo ya Juni au Desemba, saa moja kwa siku. Wiki ya kwanza sehemu, desimali na namba za vipeo vya kumi. Ya pili kugeuza fomula, fomula kumi kila siku, kuanzia zile za herufi tatu. Ya tatu vipimo: gramu kwenda kilo, kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde, sentimita za ujazo kwenda mita za ujazo. Ya nne kuchora grafu na kutafuta mwinuko wa mstari. Mkiwa na pesa ya tuisheni, iwe kwa mambo hayo manne, si kwa kukimbilia mada za mbele.

Angalia pia mwelekeo wa alama, siyo alama peke yake. Aliyepata 38 akitokea 22 anapanda, na kwa viwango vya sasa vya kidato cha nne, 30 ni D na 45 ni C. Ana miaka miwili mbele yake. Huyo akidropu tumempoteza bure. Aliyeshuka kutoka 60 hadi 38 ana jambo lingine linalomsumbua, pengine la nyumbani, na anahitaji kusikilizwa kabla ya kuongezewa kazi.

Mwisho, nenda shuleni mwenyewe kabla ya orodha za kidato cha tatu kupangwa. Mwambie mwalimu wa taaluma kwa heshima, "Mwalimu, naomba mwanangu asibadilishiwe masomo bila mimi kuitwa." Sentensi hiyo moja imewaokoa watoto kadhaa ninaowajua.

Hatua ya 6: Mkutanishe na watu wa kazi

Mtoto wa kijijini anawaona mwalimu, muuguzi, askari na mtendaji, basi hizo ndizo kazi anazozijua. Mhandisi hajawahi kumwona, ingawa yuko jirani. Karibu kila wilaya ina ofisi ya TARURA inayoshughulikia barabara, ofisi ya RUWASA ya maji vijijini, na ofisi ya TANESCO. Shule iandike barua, iombe wanafunzi kumi watembelee kazi inayoendelea: kalavati linalojengwa, tangi la maji, transfoma inayobadilishwa. Kabla ya kwenda, kila mmoja aandike maswali mawili. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye daraja dogo tu, na kijana mmoja akamuuliza mhandisi alijuaje unene wa nondo. Yule bwana alikaa chini kwenye mchanga akaanza kuwachorea. Saa nzima ilipita.

Fundi naye asidharauliwe. Likizo moja kwa fundi umeme, fundi pampu au karakana ya kuchomelea inamfundisha mtoto kugusa, kupima, na kuheshimu hatari.

Waelezeni pia habari za watu wetu. Dk. Askwar Hilonga amezaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akaona tangu utotoni maradhi yatokanayo na maji machafu. Akasomea uhandisi wa kemikali mpaka shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, akatengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 likampatia Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa ndiyo inatolewa kwa mara ya kwanza. Mtoto anayechota maji ya bwawa anaelewa mara moja kwamba tatizo la kwao linaweza kuwa kazi yake. Na anayesikia treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, au Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, aambiwe wazi kwamba mitambo hiyo itahitaji watu wa kuitunza kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Mpe mahali pa kushindana

Anzisheni klabu hata ya watu sita. Kila muhula watatue tatizo moja la shule yao: jiko linalokula kuni nyingi, choo kinachonuka, mbegu zinazooza stoo. Wakifika pazuri, wapeleke kazi yao Young Scientists Tanzania, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2011, ambako wanafunzi wa sekondari huonyesha utafiti wao mbele ya majaji, na washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu. Yapo pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019. Wasiposhinda si neno. Kusimama na kueleza kazi yako kwa mtu usiyemjua, akakuhoji, ni mafunzo yasiyopatikana darasani. Wa karibu na Tanga wanayo STEM Park ya kutembelea, na wengine watumie Sabasaba na Nanenane, ila wapite kwenye mabanda ya vyuo na mitambo kabla ya yale ya michezo.

Hatua ya 8: Binti apewe muda uleule

Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimewapoteza wasichana wengi wenye uwezo kuliko wavulana. Sababu si kichwa. Kaka akitoka shule anafungua daftari. Dada anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na anapokaa kusoma ni saa nne usiku na macho yamechoka. Hesabuni kwa wiki moja saa za kazi za nyumbani za kila mtoto, mziandike ukutani, kisha mgawane upya. Hapo kuna masaa ya hisabati yamejificha.

Darasani, mwalimu, usimwache msichana awe mwandishi wa kundi wakati wavulana wanashika vifaa. Wapokezane. Siku za hedhi zisimfanye akose maabara, shule iwe na taulo za akiba na maji. Serikali imekuwa ikijenga shule za sekondari za wasichana za sayansi, 26 kwa jumla, moja kila mkoa wa Tanzania Bara. Ulizia ya mkoa wenu.

Hatua ya 9: Chagueni tahasusi kwa kuangalia kazi, na mjue njia ya pili

Wazazi wengi wanajua PCB ni udaktari na PCM ni uhandisi, basi. Kumbuka tu kwamba mwanafunzi wa PCB hasomi hisabati ya juu, na uhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo unaidai. Nimepokea kilio cha kijana aliyependa madaraja, akasoma PCB kwa sababu baba alitaka daktari, akakosa vyote viwili. PGM ina jiografia pamoja na fizikia na hisabati, inafaa sana kwa upimaji wa ardhi na jiolojia. Tangu 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, zikiwemo zenye somo la kompyuta, hivyo msichague kwa mazoea. Fungueni lile daftari la hatua ya kwanza. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI huwa inafungua mfumo wa Selform kwa muda ili wahitimu wabadilishe machaguo yao. Dirisha hilo si la kukosa.

Njia ya pili ni chuo cha ufundi moja kwa moja baada ya kidato cha nne: DIT Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST Mbeya, na vinginevyo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Miaka mitatu anapata stashahada, na akiwa na GPA ya kuanzia 3.0 anaweza kuomba shahada ya uhandisi. Watu huiita njia ya waliofeli. Si kweli hata kidogo. Kwa mtoto wa mikono, anayeelewa akishika, mimi humshauri njia hii hata kama ana alama za kwenda kidato cha tano. Anaingia chuo kikuu ameshawasha mashine, wakati mwenzake anaziona kwenye picha.

Mwelezeni pia kwamba shahada si mwisho. Mhitimu anajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kuna mpango wa bodi hiyo wa mafunzo ya vitendo chini ya wahandisi wazoefu, wa miaka mitatu, kabla ya kuwa mhandisi kamili.

Hatua ya 10: Karatasi ziandaliwe mapema

Kidato cha tano na sita katika shule za serikali havina ada tangu mwaka wa masomo 2022/23. Waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita wana Samia Skolashipu, inayoratibiwa na Bodi ya Mikopo, na bodi hiyo sasa inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada. Lakini kila mwaka naona watoto wenye sifa wanakosa kwa sababu ya karatasi. Jina la cheti cha kuzaliwa limeandikwa Mwanaidi, la shule ni Mwanahidi, na dirisha la maombi linafungwa wakati baba yuko kwenye foleni ya kiapo.

Akiwa kidato cha pili, si cha sita, hakikisha majina yake yanafanana kila mahali, herufi kwa herufi. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, na kama mzazi mmoja amefariki, cheti chake cha kifo. Kaya ikiwa kwenye TASAF, namba yake iandikwe. Akifikisha miaka 18, aende NIDA mara moja. Piga nakala mbili za kila kitu, moja ikae nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji, nyingine kwa ndugu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine, na picha zake ziwe kwenye simu za watu wawili.